Paa Moja na Mama Mkwe

Maji ya mto yalikuwa yamezoa kalavati, barabara ya kutokea vijijini kwenda Magu ikakatika, na gesti ilikuwa moja tu. Garini nilikuwa na mama mkwe. Mke wangu, Evelina, alikuwa amelazwa Mwanza akisubiri kujifungua kwa upasuaji kesho yake, na alikuwa ameapa kwamba haingii chumba cha upasuaji bila kumwona mama yake. Ndiyo maana nilitumwa kumfuata.

Mama mkwe ni Msukuma wa kizamani. Mkwe wa kiume hasemi naye uso kwa uso, hali mbele yake, halali naye chini ya paa moja. Mimi ni Mhaya, na kwetu wakwe tunawaheshimu, lakini jamani, heshima nayo ina mipaka! Safari nzima alikaa kiti cha nyuma, kajifunika kanga, kimya. Nikiuliza kama tusimame kuchimba dawa, anakohoa. Sasa kikohozi cha ndiyo na cha hapana ningevitofautisha vipi?

Mwenye gesti, mama mmoja mnene aitwaye Wilhelmina, alifurahi kupata wageni.

"Vyumba viwili vipo, baba. Maji ya moto nayo yapo, ila hayajachemshwa."

"Mwambie mkwe wangu," mama mkwe akamwambia, nami nimesimama palepale, "mimi silali humo kama yeye analala humo."

"Baba, anasema halali—"

"Nimesikia!"

"Basi mjibu kupitia kwangu. Ndivyo inavyotakiwa."

Nikamjibu kupitia kwake kwamba nitalala garini. Sangara na ugali vilipoletwa barazani, ikabidi nikasimame mvuani ili mama ale kwa amani. Akala taratibu kweli, kama yuko harusini. Wilhelmina akanifuata na mwavuli kuniuliza, kwa niaba ya mama, kama breki za gari langu ni nzima. Nilitamani kulia. Usiku mbu wa ziwani walinila mpaka kwenye nyusi, huku chumba nilicholipia kikiwa kitupu.

Kulipokucha mvua ilikuwa imekatika, ila gari halikuweza kuvuka. Ng'ambo kulikuwa na bodaboda mmoja akisubiri abiria. Evelina akapiga simu. Nikafungua sauti kubwa na kuiweka simu juu ya kigoda, maana mkononi mwangu mama asingeipokea.

"Wamesogeza muda, ni saa nne," Evelina alisema. "Mama yuko wapi? Naogopa."

Mama alikitazama kigoda, kisha akautazama mto. Maji yalifika mapajani, na magoti yake ni mabovu. Hata ngazi ya baraza alipandishwa kwa kushikwa. Akaikaza kanga kiunoni.

"Mwambie mkwe wangu achuchumae," akamwambia Wilhelmina.

Sikungoja kuambiwa. Nilichuchumaa kwenye tope, akapanda mgongoni, tukaingia majini.

Katikati ya mto jiwe likateleza chini ya mguu wangu, nikayumba.

"Mwambie mkwe..." mama alianza.

Wilhelmina alikuwa amebaki ukingoni, mbali. Hapakuwa na wa kuambiwa. Mikono ya mama ikanikaza shingoni, na nikasikia pumzi yake karibu kabisa na sikio.

"Mwanangu," akasema, "usiniangushe."