Lango la Gudi la Tambazi

Katika nchi ya Tambazi, mto Mwenda uliukata mji mkuu katikati, mpana na mzito, rangi yake ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, na tangu zamani zisizokumbukwa mji ule uliishi kwa mgongo wa maji: matishali ya mkaa na chumvi, pantoni iliyovusha watu wa Ng'ambo asubuhi na kuwarudisha jioni, na zaidi ya yote gudi, shimo refu la mawe lililochimbwa ukingoni, ambamo chombo kibovu kiliingizwa, lango kubwa la mbao likafungwa nyuma yake, maji yakavutwa yote, na mafundi wakashuka kukitengeneza pakavu. Juu ya mji huu liliketi Baraza la Mizani, waheshimiwa wa nguo nyeupe na vidole laini, walioapa kupima kwa haki kati ya wanaotaka kujenga nyumba ukingoni na wanaotaka kuunda vyombo, na ambao katika vikao vyao vyote, kwa bahati ya ajabu, hawakuwahi hata mara moja kupunguza upande wa nyumba. Mwenyekiti wao, Lukanza, alipenda kuitwa Mpimaji Mkuu. Tabasamu lake halikumbanduka hata akila.

Upande wa vyombo ulisemewa barazani na mtu mmoja tu, Sikudhani, mwanamke wa makamo mwenye viganja vigumu, msimamizi wa mafundi arobaini wa kalafati, yaani wale wanaoshindilia pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao ili maji yasipite. Chombo cha kawaida walikigawana wawili watatu. Lango la gudi lilikuwa kazi ya wote. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa walijipanga mbele yake, ishirini ubavu wa kulia, ishirini ubavu wa kushoto, wakapiga nyundo kwa pigo moja, wakisogea mpaka wakutane katikati, kwa sababu ukishindilia ubavu mmoja wa lango lile peke yake, mbao husukumana, na pamba ya ubavu wa pili huchomoka. Kila mtoto wa gudini alilijua hilo. Barazani hakuna aliyewahi kuuliza.

Sikudhani alikuwa na haja moja tu duniani: gudi libaki gudi, na watu wake wabaki nalo. Kwa ajili hiyo alikubali mengi. Nyumba za kwanza zilipopanda ukingoni, wenyewe walilalamika kwamba nyundo zinawakatizia usingizi wa mchana. Baraza likaomba, kwa ajili ya mizani, mchana uachwe, naye akanyoosha mkono kukubali ilimradi asubuhi ibaki. Mwaka wa pili ikaombwa asubuhi. Mwaka wa tatu nyundo zikapigwa marufuku ukingoni kote, na kwa kuwa gudi bila nyundo ni shimo tu, ikaonekana ni uungwana shimo lile nalo lijengwe nyumba. Mafundi walipewa viwanja Ng'ambo, kwenye matope, wakaahidiwa kwamba pantoni itawavusha bure maisha yao yote. Hapo pia Sikudhani alinyoosha mkono. Alitoka barazani akijiona mjinga, na mjinga alikuwa kweli, maana pantoni ilipotoboka miezi minane baadaye hapakuwa na mahali pa kuitengenezea. Ikazama palepale ilipoegeshwa. Matishali yalikuwa yamekwisha kuhamia miji mingine, na Ng'ambo, ambako zamani ulimsikia mtu akikohoa, ikawa mbali.

Ndani ya gudi nyumba zilijengwa ngazi kwa ngazi kwenda chini, na kadiri zilivyoshuka ndivyo zilivyopanda hadhi, kwa kuwa kuishi chini ya mto bila kulowa lilikuwa jambo ambalo maskini hawawezi kuliiga. Lango halikuondolewa. Lilipakwa rangi ya dhahabu, na Sikudhani akafanywa Mtunza Kumbukumbu, avae aproni safi na kuwasimulia wageni jinsi watu wa zamani walivyopenda kazi. Aliikubali kazi hiyo kwa uchungu, ili angalau awe karibu na zile mbao. Nyumba ya chini kabisa, iliyogusa lango kwa ubavu wa kushoto, aliichukua Lukanza mwenyewe.

Mwaka wa sita mvua zilikuja na kiburi. Lango likaanza kutokwa machozi. Sikudhani alipeleka taarifa mara tatu, na mara tatu akajibiwa kwamba ni jasho la rangi. Kisha asubuhi moja maji yakapita chini ya mlango wa Mpimaji Mkuu na kulowesha zulia lake, naye akaagiza Mtunza Kumbukumbu aje na nyundo.

"Ziba," alimwambia.

"Hii ni kazi ya watu arobaini, mheshimiwa."

"Basi waite."

"Wako Ng'ambo. Waje na chombo gani?"

Lukanza alitazama juu, kama vile chombo kingeweza kushuka kutoka mawinguni. Sikudhani akamweleza habari ya mbavu mbili, taratibu, mbele ya maofisa wake wote; akamweleza tena. Akaomba wapishi, madobi na watoto wote wapandishwe juu. Hilo lilikubaliwa, kimyakimya, wakaambiwa wanakwenda kutembezwa bustanini. Maofisa nao wakakumbuka shughuli zao, mmoja mmoja. Lukanza hakutoka. Mpimaji Mkuu akionekana anapanda na godoro lake, alisema, kabla ya adhuhuri hakuna atakayetaka tena nyumba ndani ya gudi.

"Wewe unaniletea siasa za mafundi," alisema. "Mimi ninaona panapovuja. Piga hapa, upande wangu."

"Upande wako peke yake?"

"Nimesema hapa."

Sikudhani alilitazama lango lake. Alilipenda kuliko alivyopenda watu wengi, na alimchukia mtu yule kwa chuki iliyotulia, isiyohitaji kupaza sauti. Akachomeka pamba kwenye ufa alioonyeshwa, akainua nyundo. Pigo la kwanza kusikika ukingoni kwa miaka mitatu lilipanda kuta za gudi, likavuka mto, na Ng'ambo watu waliokuwa wakilima matope wakasimama wima, majembe mikononi, wakisubiri pigo la kuwajibu.

Ubavu wa kushoto ulikauka palepale. Lukanza aliupapasa kwa kiganja chake laini, akakionyesha, kikavu kabisa.

"Unaona?" alisema. "Endelea."

Kulia kwao, mahali ambapo hakuna aliyesimama, uzi mweupe wa pamba ulikuwa umeanza kujitokeza kwenye rangi ya dhahabu. Sikudhani aliuona. Akaendelea.