Ubeti wa Tatu wa Daraja la Sarrano

Ilikuwa mwaka 1949, majira ya majani kupukutika, watu wa kijiji cha Achnadarroch walipojiandaa kuzindua jiwe la kuwakumbuka vijana wao waliouawa vitani kwenye daraja la Sarrano, huko Italia. Wimbo wa gwaride ulikuwapo tayari. Murdo Gillanders, mpiga zumari la mfuko, aliutunga mara baada ya mapigano hayo, beti nne, ukaitwa kwa jina la daraja, naye akapata heshima mpaka ng'ambo ya ziwa. Lakini mapigano yayo hayo yalimpokonya vidole viwili, na aliyebaki wa kuupiga ni jirani yake aliyepigana naye huko, Torquil Macaskill.

Torquil alikubali bila ubishi, jambo lililomtia Murdo wasiwasi.

Katika mazoezi alipiga beti mbili kwa ufasaha. Kisha akalishusha zumari, akatembea kimya urefu wa ubeti mzima, akalipandisha tena na kupiga wa nne. Zumari la mfuko halikuumbwa kupumzika katikati ya wimbo. Hata kondoo waliinua vichwa.

"Na wa tatu?" Murdo akauliza.

"Wa tatu ni wangu, bwana. Niliutunga mimi, nikakuimbia handakini usije ukasinzia. Tangu hapo nangoja unitaje. Leo mali yangu nimeiacha nyumbani."

Murdo alijua ni kweli. Miongoni mwa wapiga zumari, mtu huweza kusamehewa kuiba kondoo wa jirani, si kuiba ubeti.

Mchungaji wa kanisa, aliyekuwa akipita, alifuta machozi. Alisema kimya kile cha kuwakumbuka marehemu kilizidi yote aliyowahi kuyatunga Murdo. Habari zikaenea, na wajane wakampelekea Murdo mikate ya shayiri. Torquil aliwatazama dirishani, uso kama jabali. Sasa alikuwa ameibiwa hata kunyamaza kwake.

Siku ya uzinduzi mvua ilinyesha, kama ilivyo ada yake. Torquil alipiga beti mbili, akashusha zumari. Watu wakainamisha vichwa. Murdo akatoka mstarini.

"Hiki si kimya cha marehemu," akasema. "Hapa pana ubeti wa Torquil. Niliuchukua bila kumtaja."

Na kwa kuwa vidole havikumtosha, akauimba kwa mdomo, kama walimu wa zumari wafanyavyo, mbele ya mchungaji na wajane wote.

"Umeuvuta mno mwishoni," Torquil akanong'ona.

Murdo akaurudia, safari hii kama ulivyotungwa.