Pindo la Vidole Vinne

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, Fundi alipanga foleni kwenye dirisha la dawa la zahanati, kadi yake ya kijani mkononi. Karani hakuwa mtu wa kutazama sura. Alitazama kadi, akagonga muhuri wa ENDELEA, akasukuma pakiti ya vidonge vya kutuliza, vitatu kwa siku. Daktari aliyeviandika alisema ni vya wiki mbili tu, mpaka msiba wa mume upoe. Daktari akastaafu, muhuri ukabaki, na wiki mbili hizo zikafika miaka ishirini na minane.

Mume alipofariki, binti yao wa pekee alikuwa na miaka sita. Sasa ana thelathini na minne, anaishi mbali, na akipiga simu huuliza cherehani inaendeleaje kabla hajauliza habari za mama. Fundi hamlaumu. Utoto wote wa yule mtoto yeye alikuwa akiamka saa saba mchana, ulimi mzito, kichwa kama kimejazwa pamba. Vipimo vya watoto wa mtaa mzima vimo kwenye daftari lake. Vya mwanawe vinaishia miaka sita.

Kisha zahanati ikaletewa nesi mpya, mwenye tabia ya kusoma kadi mbele na nyuma.

"Mama, hivi nani alikwambia uendelee?"

"Muhuri."

Nesi alicheka, halafu akaacha kucheka. "Basi tutaviacha. Ila si kwa mkupuo, utaanguka kifafa bure. Tutapunguza robo ya kidonge, mwezi kwa mwezi. Usiku utakuwa mrefu, mikono itatetemeka. Ukizidiwa njoo, usijifanye shujaa."

Mtaani wakambatiza Nesi Robo. Fundi alikwenda nyumbani, akaweka kidonge juu ya meza ya kukatia, akakichora kwa chaki, akakikata kwa wembe. Mkono wa fundi ni mkono wa fundi: robo zilitoka sawasawa.

Kesho yake saa nne asubuhi binti yake aliingia akiwa na miaka saba. Alivaa gauni la buluu, gauni la mwisho Fundi kumshonea kabla ya vidonge. Alivua viatu mlangoni, akaketi chini ya cherehani kama zamani, akaanza kupanga vifungo kwa rangi huku akiimba wimbo wenye maneno mawili tu. Fundi akamtazama. Kumbe alikuwa na pengo la jino la mbele! Kumbe aliimba! Uchungu na furaha vilimpanda kwa pamoja, akalia kidogo, kisha akamwita ampime urefu.

Gauni lilikuwa limeanza kuwa fupi, lakini Fundi huacha pindo la vidole vinne kwenye nguo ya kila mtoto, kwa sababu mtoto haulizi ruhusa ya kukua. Alifumua, akashusha kidole kimoja, akashona. Mtoto alinukia sabuni ya kipande.

Mteja mmoja alikuja kuchukua sketi yake. "Mbona huyu amefanana na binti yako?"

"Ndiye."

"Ah. Nilidhani ameshaolewa." Akajaribu sketi, akalalamika kiuno kinabana, akaenda zake.

Mwezi mzima mtoto alikuja kila asubuhi, miaka saba ile ile. Robo ya pili ilipokatwa akaja na nane, ya tatu tisa, ya nne kumi, na kila mara pindo likashuka kidogo. Usiku Fundi alitokwa jasho na kusikia cherehani ikishona yenyewe, lakini saa nne asubuhi alikuwa macho, kammiminia mtoto chai, anasikiliza habari za shule iliyokwisha kubomolewa.

Robo ya tano ikamshinda. Mikono ilitetemeka hadi uzi ukakataa tundu la sindano, na siku ya tatu akameza vidonge vitatu vizima. Akaendelea hivyo mwezi mzima, akiamka saa saba. Vifungo vilibaki chini ya cherehani, havina mtu wa kuvipanga.

"Nimeharibu," alimwambia Nesi Robo.

"Umejikwaa. Tunarudi taratibu pale ulipofika, tusimame kwanza, kisha tuendelee."

Wakarudi. Mtoto naye akarudi, ila ana miaka kumi na miwili. Mwaka wa kumi na moja ulikuwa umepita Fundi amelala, kwa mara ya pili. Pindo la gauni mtoto alikuwa amelishusha mwenyewe, akalibana kwa pini za stepla. Fundi alizing'oa moja moja, nazo zilikuwa zimeshika kutu.

Miezi ikaenda. Vidole vinne vikaisha, ikabidi aunge kitambaa kingine chini. Jumatatu aliyomaliza robo ya mwisho, Fundi alirudisha kadi dirishani.

"Nimepona, baba. Nifungie kadi."

Karani akagonga ENDELEA, akasukuma pakiti. "Muhuri wa kufunga hatuna, mama. Tuna huu mmoja tu. Anayefuata!"

Fundi akaiacha pakiti pale pale. Nyuma yake foleni ilifika getini.

Kesho yake binti alikuja na miaka kumi na tisa, sanduku mkononi. Fundi aliijua siku hiyo. Akalishika sanduku upande mmoja, wakatembea hadi stendi. Alimwekea kola sawa. Basi lilipoondoka alipunga mkono mpaka likakata kona, akarudi nyumbani, akapiga simu.

"Mama? Saa hizi uko macho?"

"Niko macho. Nimetoka kukusindikiza stendi."

"Siku ile nilikwenda peke yangu, Mama. Nilikutikisa bega mara tatu."

"Najua, mwanangu. Nieleze."

Binti akaeleza, kuanzia bega hadi basi, na Fundi akasikiliza mpaka mwisho bila kusinzia.