Breki za Katambuga

Alasiri moja ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 1977, Sulaiti fundi cherehani aliipindua baiskeli uani kwake Koboko, karibu na mpaka wa Kongo, tandiko na usukani chini, magurudumu juu, akaanza kushughulikia breki. Vyuma vilikuwa vimeshika kutu, na mipira imelika hadi bati likawa linakwaruza rimu. Maduka yalikuwa wazi lakini rafu zake tupu, kwa hiyo kwenda kutafuta mipira mipya kulikuwa kujisumbua bure.

Baiskeli aliletewa na shemeji yake, Koplo Nasur, kaka wa mkewe Medina, aliyekaa nyumba ya pili katika ua huohuo. Nasur aliiegemeza ukutani asubuhi akasema, "Hii baskeli iko yako sasa. Mwenyewe hapana rudi."

Sulaiti alishukuru kwa mikono miwili. Hakuuliza mwenyewe ni nani. Miaka ile ya utawala wa jeshi watu wenye tabia ya kuuliza walikuwa wamepungua sana, naye alipenda kuwa miongoni mwa waliobaki hai.

Kwenye keria ilikuwa imefungwa katambuga moja, kiatu cha mguu wa kushoto, iliyotoka kwa huyohuyo asiyerudi. Kila mtu Koboko anajua kwamba katambuga hukatwa kwenye tairi la lori, na mpira wa lori hauishi upesi. Sulaiti alikata kisigino cha katambuga hiyo vipande vinne, viwili vya mbele, viwili vya nyuma, akavipachika, akakaza nati, akalainisha vyuma kwa mafuta ya simsim. Alizungusha gurudumu akabana breki. Gurudumu likasimama papo hapo. Alifurahi sana, akamwita Medina aje aone.

Kazi yake ilikuwa kushona sare za jeshi. Kila siku alipeleka kambini mzigo wa suruali na kurudi na jora la kitambaa. Kesho yake, kwenye mteremko wa kambini, breki hazikushika hata kidogo. Aliburuza miguu akafika chini roho mkononi. Lakini saa kumi na moja jioni, akirudi, baiskeli ilisimama yenyewe nyuma ya soko, mbele ya mlango wa buluu, bila yeye kugusa kitu. Alikanyaga pedali, akashuka akasukuma, akainua gurudumu la nyuma. Haikwenda.

Ule ulikuwa mlango wa Odile, mama wa Kikongo aliyekuwa akiuza vitenge na sabuni pamoja na mumewe, Zéphyrin. Zéphyrin alikuwa amechukuliwa na gari la jeshi mwezi wa Ramadhani, akitoka sokoni na baiskeli. Odile alitoka na karai la maji, kama alivyofanya kila jioni mumewe aliporudi. Akaitazama baiskeli, akamtazama Sulaiti, akapiga magoti, akamvua kiatu cha kushoto na kumwosha mguu. Maji yalipofika kisiginoni, breki ziliachia.

"Hii ni kinga ya bwana yangu," alisema, akipapasa usukani, maana kwao baiskeli huitwa kinga. "Yeye eko wapi?"

Sulaiti alijibu kwamba yeye alipewa tu, hajui mtu. Akapanda, akaondoka haraka.

Ikawa hivyo kila siku. Njia ya kambini ilikuwa moja, na breki hazikushika popote isipokuwa mlangoni pale. Majirani walizoea. Walimsalimia akiwa amesimama mguu karaini, na mama mmoja alimletea suruali ya mumewe aikate miguu hapohapo, maana alijua saa ya kumkuta.

Medina alipoambiwa hakugomba. Alisema mipira ing'olewe. Sulaiti alichukua bisibisi, lakini mipira ilikuwa imeota ngozi nene yenye nyufa, kama kisigino cha mtu wa safari nyingi, na ilipochokolewa ilitoa damu kidogo. Medina alileta kitambaa wakaifuta. Kisha akaipaka mafuta nyufa zisizidi.

Ilibidi Sulaiti apige moyo konde, aende kwa shemeji yake kumrudishia baiskeli. Nasur alikuwa anakula. Aliuliza kwa upole kama zawadi yake inamchoma mtu mikono.

"Mwenyewe iko kule mutoni," alisema, akimega kisra, mkate mwembamba kama chapati. "Nafasi ya mutu mbili iko."

Sulaiti akasema baiskeli ni nzuri, haina shida. Tangu siku hiyo alijua Zéphyrin yuko wapi, na kujua huko kulimkaa kifuani asiweze hata kumaliza chai.

Wiki ya pili Anicet, kaka wa Odile, alikuja kutoka Aru, upande wa Kongo, kumchukua dada yake. Lori lingerudi Jumamosi. Ijumaa jioni Sulaiti aliposimama mlangoni alikuta mafurushi yamefungwa, na Anicet ameketi juu ya moja. Odile aliosha mguu bila haraka. Alieleza kwamba hawezi kuondoka hivihivi. Mume akirudi akute mlango umefungwa, ni dhambi ya mke. Na mume aliye hai haliliwi.

"Sitakuuliza nani," alisema. "Sitakuuliza kwa nini. Useme tu, alikufa. Nilie, niende kwetu."

Sulaiti alimhurumia. Neno lenyewe alikuwa nalo, fupi, amelitayarisha njia nzima. Alifungua mdomo. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha sigara, Nasur alikuwa anangoja chenji, akiwaangalia kwa utulivu wa mtu asiye na kazi.

"Atarudi," Sulaiti alisema.

Odile aliacha kuosha. "Lini?"

"Karibuni."

Breki ziliachia. Odile aliinuka, akafungua furushi la kwanza, akatoa sufuria na kuzirudisha mahali pake. Anicet alisema naye kwa Kifaransa muda mrefu, bila kufanikiwa. Jumamosi alipanda lori peke yake.

Jumapili, saa kumi na moja, baiskeli ilisimama. Odile alikuwa mlangoni tayari, amevaa kitenge kipya, amesuka nywele. Ndani alikuwa ametandika meza, sahani moja imefunikwa. Maji ya siku hiyo aliyapasha moto. Alimwomba radhi Sulaiti kwamba kuanzia leo atamwosha upesi upesi, naye Sulaiti asikae sana, kwa sababu bwana yake anaweza kufika wakati wowote, na si vizuri amkute mwanamume mwingine mlangoni.

Sulaiti akasema ni kweli, akanyoosha mguu.