Saa ya Mdomoni, Saa ya Ukutani

Asubuhi ile fundi cherehani alishona mkono wa kushoto wa gauni mahali pa mkono wa kulia, akaufumua kimyakimya. Mwanawe alikuwa Japani, kitandani hospitalini, akisubiri kupasuliwa moyo, na yeye mama mtu yuko hapa anamshonea mtu gauni la kwendea harusini. Dunia haina adabu.

Jana yake mkwewe, Mjapani, alikuwa amepiga simu. Ni mtu mpole, lakini Kiswahili chake chote ni "mama" na "asante". Kwa bahati, mwanawe alikwisha kuanza kumfundisha mama yake herufi zao za mwanzo, hiragana, kwa simu, mstari mmoja kila Jumapili. Mama alizibandika ukutani juu ya cherehani. Ile ya *ku* aliiona mdomo wa kifaranga anayedai chakula, na ile ya *he* ni paa lililokosa nyumba. Sauti zenyewe hazikumtisha, maana a, i, u, e, o ni zetu zilezile, ila wenzetu wamezipanga wanavyojua wao. *Tsu* peke yake ndiyo iliyomshinda. Kila akiijaribu anatema mate. Wakawa na mchezo wao: mama anasema mstari mmoja, mwana anajibu unaofuata. Kisha wakaingia kwenye saa: *ichi-ji*, *ni-ji*, *san-ji*.

Basi jana mkwe alisema polepole, kama anayemlisha mtoto uji: "*Ashita. San-ji. Denwa.*" Kesho, saa tatu, simu. Halafu akaongeza neno ambalo mama alilijua kwa uchungu, *shujutsu*, upasuaji. Mama akaelewa kwamba kesho ataongea na mwanawe kabla hajaingizwa chumba kile. Baada ya hapo, ni Mungu na madaktari.

"Atapiga saa tatu," alimwambia binti yake jioni.

Binti, karani wa ofisini anayejibu hata asiloulizwa, akacheka. "Mama nawe! Wale hawahesabu kama sisi. Wao wanaanzia katikati ya usiku. Tatu yao ni saa tisa yetu. Atapiga saa tisa alasiri."

"Una hakika?"

"Saa za hivyo ndizo ninazotumia kutwa nzima kazini, mama."

Mama akakubali. Angebishana na msomi kwa lipi? Na kwa kuwa ile simu ya kuonana uso betri yake imezeeka, asubuhi aliiacha nyumbani kwenye chaji, ishibe mpaka hiyo saa tisa. Akaja kazini bila simu.

Mwenye gauni akaingia. "Shikamoo mama. Bado tu?"

"Marahaba. Bado kidogo, mwanangu."

"Kwani saa ngapi sasa? Nisije nikachelewa mie."

Mama akatazama saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa unaikaribia tisa. "Saa tatu kasorobo," akasema, kama ambavyo mtu yeyote angesema.

Neno likamganda mdomoni. Tatu. *San.* Akakumbuka siku mwanawe alipomwona anahesabu vidole kutafuta saa ya kule, akacheka mpaka akakohoa. "Mama, usijitese. Huku tumewatangulia kwa saa sita, na nyinyi saa zenu mnazitaja kwa kurudi nyuma saa sita. Zinafutana! Saa ya mdomoni mwako ndiyo saa ya ukutani kwangu."

Hesabu ya binti ilikuwa nzuri, ila iliishia njiani. Aligeuza namna ya kuhesabu, akasahau kwamba kule jua huwahi.

Mama hakuaga. Alitoka mbio, futi ya kupimia ikimpigapiga shingoni, kiatu kimoja akakiacha kwenye mtaro. Watu walimpisha wakidhani kuna moto. Moyo ulimdunda akaona aibu, maana wake ulikuwa mzima.

Mlangoni aliisikia simu ikiita ndani. Ufunguo alikuwa ameuvaa shingoni kwa kamba, na kamba imesokotana na futi. Akavuta, ikakaza. Simu ikanyamaza.

"Ee Mungu wangu, usinifanyie hivi!"

Ikaita tena. Akainama, akaingiza ufunguo huku shavu limegusa kitasa, akaangukia ndani.

"Mama!" Mkwe alikuwa analia. "*Hayaku, hayaku!*" Haraka. Akaigeuza simu, na huyo hapo mwanawe, kofia ya karatasi kichwani, macho yamelegea kwa dawa.

Dua zote alizokuwa amepanga tangu jana zilimtoka. Hakubaki na neno hata moja la lugha yoyote.

"A," alisema akihema. "I. U. E. O."

Kisha midomo ile mikavu ikacheza.

"Ka... ki... ku..."

Kitanda kikaanza kusukumwa. Taa za darini zikapita moja moja, mkwe akikimbia kando yake. Milango miwili mipana ikafunguka, ikammeza, ikajifunga.

"Ke, ko," mama akamalizia, akiitazama ile milango kwenye kioo cha simu. Mkwe hakukata. Mama akaketi sakafuni, futi bado imembana shingo.

"Sa, shi, su, se, so," akasema kwa sauti, ili zamu yake iwe imekwisha. Hapo akanyamaza. Mstari unaofuata una *tsu*, na huo ni wa mwanawe.