Mguu wa Mkaidi

Katembo alimtunza farasi aitwaye Mkaidi miaka mitatu kwenye mazizi ya Penrith, kando ya jiji la Sydney, Australia. Katika mbio za kawaida Mkaidi alikuwa mzito, anamaliza wa mwisho, hata mkufunzi wake, Clifford, akataka kumuuza. Katembo ndiye aliyemwona siku moja akiruka uzio wa malisho bila kushurutishwa, akatua kama paka.

"Bosi, huyu si wa kukimbia tu," alisema. "Ni wa kuruka."

Mbio za kuruka viunzi haziruhusiwi Sydney. Kwa hiyo Juni 2021 Clifford alimpakia Mkaidi kwenye lori akaenda naye jimbo jirani la Victoria. Katembo angefuata baada ya wiki mbili, lakini Korona ikapamba moto Sydney, mpaka wa majimbo ukafungwa, naye akabaki.

Mkaidi alishinda mara mbili. Katembo alimtazama kwenye simu, akishangilia peke yake zizini mpaka farasi wengine wakashtuka.

Ijumaa moja ya Agosti alipigiwa simu na Déo, Mrundi aliyeajiriwa kumtunza Mkaidi kule.

"Kaka, mguu wa mbele wa kushoto una joto. Umevimba."

"Mwambie bosi amtoe kwenye mbio za Jumapili."

"Nimemwambia. Anasema nikishindwa kuutuliza, atatafuta mtu anayeweza."

Katembo akampigia Clifford mara tatu. Hakupokea. Alimwonea huruma Déo, mwenye watoto wanne; alimwonea huruma zaidi farasi aliyekuwa akiumia. Basi akamfundisha: barafu dakika ishirini, kisha apumzike, kisha bandeji, isikazwe sana. Siku mbili alisimamia kwa video. Jumapili asubuhi mguu ulikuwa umenywea, wa baridi. Daktari wa mifugo wa uwanjani aliupapasa, akaruhusu akimbie.

Kwenye mbio mchana ule, Mkaidi aliruka kiunzi cha nane vizuri. Alipotua, mguu ukavunjika chini yake. Watu wakamzungushia turubai la kijani, watazamaji wasione akiuawa, na kamera ikahamia kwa washindi.

Déo alipiga simu akilia. "Tungeuacha umevimba, kaka, daktari angemzuia."

"Najua."

Jumatatu Clifford alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba asubuhi ile mguu haukuwa na joto wala uvimbe, na daktari ni shahidi. Katembo aliisoma habari hiyo mara mbili, akitafuta uongo ndani yake, asiuone.