Voilà kwa Mgeni Rasmi

Nilikuwa nimelitangazia bweni zima kwamba najua Kifaransa. Kwa hiyo tuliposikia mgeni rasmi ni mama kutoka Kongo, mkuu wa shule, Mwalimu Melkizedeki, aliniteua nimtembeze. "Ukiniaibisha, leo hii unarudi kwenu Kijenge."

Nilikuwa na neno moja tu, voilà, nililopewa na mjomba Sifaeli anayepandisha watalii Mlima Meru. Alisema linatosha: unalisema ukionyesha kitu, ukimaliza kazi, hata ukikubaliana na mtu.

Nikaonyesha maabara: "Voilà." Nikaonyesha sufuria la makande: "Voilà!" Mama akaeleza jambo refu, nami nikaitikia kwa uzito wa askofu, "Voilà." Mwalimu akatabasamu. Nikawaongoza haraka kwenda shambani.

Kwenye migomba mama akasimama. "Mwanangu, mimi ni wa Bukavu. Kiswahili tunaongea nyumbani. Kifaransa unajua maneno mangapi?"

Mwalimu alikuwa karibu mno.

"Moja, mama. Na shikamoo, sikukuamkia."

"Marahaba. Voilà!" Akamgeukia Mwalimu. "Huyu mtafutieni mwalimu wa Kifaransa."

Sikurudishwa Kijenge. Ila Jumamosi zangu zote zimekwisha.